Mimbarani na Wodini

Katika karne ya 15 wahubiri wengi wa Ujerumani walikuwa na kitabu walichokitegemea sana. Kiliitwa Dormi secure, yaani "lala salama", na jina lilieleza kazi yake: mahubiri ya Jumapili za mwaka yamo humu, yamekamilika, mhubiri asijinyime usingizi wa Jumamosi usiku. Martin Luther alikijua. Mwaka 1530, alipoiandikia Katekisimu Kubwa utangulizi mpya, alikitaja pamoja na vingine vya aina yake, kisha akawageukia wachungaji wa upande wake mwenyewe. Sasa mna vitabu bora kuliko vile, aliwaambia kwa ukali, lakini hamvinunui, na mkivinunua hamvifungui.

Anayedhani kwamba swali la mahubiri yaliyotengenezwa tayari lilizaliwa siku ChatGPT ilipotoka, ni vema aanzie hapo. Luther hakuwa na ugomvi na mahubiri yaliyoandikwa na mtu mwingine. Alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, kati ya 1521 na 1522, yeye mwenyewe aliandika postila, yaani mahubiri ya mfano yanayofuata masomo ya Jumapili, ili wachungaji wanyonge wapate cha kushika. Mwaka 1526, katika utaratibu wake wa Misa ya Kijerumani, alikwenda mbali zaidi: pasipo na mhubiri anayefaa, alishauri, ni heri waumini wasomewe postila kuliko kila mtu kupanda mimbarani na yake. Hofu yake ilithibitishwa baadaye. Ukaguzi wa sharika za Saxony mwaka 1528 ulimwonyesha Wakristo wa vijijini wasiojua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wasioweza kuwafundisha. Katekisimu Ndogo ya 1529 ilitokana na mshtuko huo.

Na hakuogopa mashine. Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kijerumani lilitoka Wittenberg Septemba 1522, likiwa na picha za kuchongwa kutoka karakana ya Lucas Cranach, na ilipofika Desemba toleo la pili lilikuwa tayari limeshachapwa. Kanisa la Kilutheri lilikua pamoja na mtambo wa uchapaji. Kwa hiyo Mlutheri anayeikataa teknolojia mpya kwa sababu tu ni mpya anajitenga na historia yake mwenyewe. Lakini anayeipokea bila kuuliza inafanya kazi ya nani, naye amemsahau Luther yule aliyewakasirikia wachungaji waliolala.

Ijumaa ya tarehe 9 Juni 2023 swali hilo lilipata umbo la kuonekana kwa macho. Katika kanisa la St. Paul mjini Fürth, jimbo la Bavaria, watu walianza kupanga foleni saa nzima kabla ya ibada. Ilikuwa siku za Kirchentag, mkutano mkubwa wa Waprotestanti wa Ujerumani uliofanyika mwaka huo katika mji jirani wa Nürnberg. Zaidi ya watu 300 walijaza kanisa. Juu ya madhabahu, kwenye skrini kubwa, ukatokea uso wa mwanaume mweusi mwenye ndevu, akawasalimu na kuwaambia kwamba ni heshima kwake kuwa akili mnemba ya kwanza kuhubiri katika mkutano huo. Kwa dakika 40, taswira nne za kompyuta, mbili za wanawake vijana na mbili za wanaume vijana, zilipokezana kuongoza sala, muziki, mahubiri na baraka.

Aliyeiandaa ni Jonas Simmerlein, mwanateolojia wa Chuo Kikuu cha Vienna. Aliieleza ChatGPT kwamba wako kwenye Kirchentag na yenyewe ni mhubiri, akaiomba zaburi, sala na baraka ya mwisho, na kwa hesabu yake karibu asilimia 98 ya ibada ilitoka kwenye mashine. Kwenye karatasi mahubiri yalikuwa na kila kitu: kuyaacha yaliyopita, kuzikabili changamoto za leo, kuishinda hofu ya mauti, kutopoteza imani kwa Yesu Kristo. Ila yalisomwa haraka, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Taswira ilipowasihi waumini waje kanisani mara kwa mara wasije wakapoa kiimani, ikisema hivyo kwa uso usiotikisika, watu walicheka. Wengine walinyanyua simu wakarekodi. Wengine, ilipofika Sala ya Bwana, hawakuitikia.

Huko kutoitikia kunaeleza mambo mengi. Maneno yalikuwa yaleyale waliyoyasema tangu utotoni, hayakuwa na kosa la mafundisho. Kilichowazuia ni aliyekuwa akiwaongoza. Simmerlein mwenyewe baadaye hakudai kwamba mashine inaweza kuchukua nafasi ya mchungaji. Mchungaji, alieleza, anaishi na watu wake, anawazika, anawafahamu tangu mwanzo, na mashine haiwafahamu.

Walutheri wana maandishi ya zamani yanayolitaja jambo hili kwa uwazi kuliko mijadala mingi ya leo. Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano tarehe 25 Juni 1530, linasema katika ibara ya 7 kwamba kanisa liko pale Injili inapohubiriwa sawasawa na sakramenti zinapotolewa inavyopasa. Linafuata swali la nani afanye kazi hiyo, na ibara ya 14 inajibu kwa ufupi mno: asiwepo wa kufundisha hadharani wala kutoa sakramenti asipokuwa ameitwa kwa utaratibu. Haidai akili nyingi wala sauti nzuri. Inadai wito, na wito una pande mbili. Mtu anaitwa na kanisa, na mtu huyohuyo anaweza kuulizwa na kanisa. Akihubiri uongo kuna baraza la kumhoji na askofu wa kumwita ofisini. Akitoa siri ya aliyeungama, anavuliwa utumishi. Programu haina joho la kuvuliwa.

Miaka sita kabla ya Fürth, kanisa la Kiprotestanti la Hesse na Nassau, Ujerumani, lilikuwa limeshalijaribu swali hili kwa njia ya wazi zaidi. Mwaka 2017, miaka 500 tangu Matengenezo ya Kanisa yaanze, lilisimamisha mjini Wittenberg roboti iliyoitwa BlessU-2, yenye skrini kifuani, mikono miwili na kichwa cha chuma. Mgeni alichagua lugha moja kati ya tano na sauti ya kiume au ya kike, mikono ikanyanyuka, viganja vikawaka taa, roboti ikatamka baraka na kifungu cha Biblia. Aliyetaka alichapiwa maneno hayo kwenye karatasi. Waliohusika walisema lengo lao ni kuwafanya watu wafikiri kama mashine inaweza kubariki. Walifanikiwa, na njia yao ilikuwa ya heshima: waliiweka kama swali, hawakuiajiri.

Helsinki iliendelea na majaribio. Jumanne moja jioni, Machi 2025, zaidi ya watu 120 walikusanyika katika kanisa la Kilutheri la St. Paul, wengi kuliko kawaida ya siku za kazi. Mchungaji Petja Kopperoinen alikuwa ametumia programu kadhaa kuandika mahubiri, kutunga baadhi ya nyimbo na kutengeneza picha. Kwenye skrini Yesu alijibizana na Shetani, na Urho Kekkonen, rais wa zamani wa Ufini aliyefariki 1986, akasoma Agano la Kale. Waliohudhuria walisema ilivutia, ila haikuwafikia kama ibada. Rais marehemu kusomeshwa Maandiko kwa kinywa ambacho si chake ni jambo linalostahili tafakuri nzito kuliko lilivyopewa. Katika tamaduni nyingi za Afrika Mashariki, marehemu hasemeshwi hivi hivi.

Hatari ya kuliacha swali la wito likielea ilionekana nje ya Ulutheri. Aprili 2024 shirika la Kikatoliki la Marekani, Catholic Answers, lilizindua "Father Justin", padri wa kompyuta wa kujibu maswali ya imani. Ndani ya siku chache alikuwa amewaambia watu kwamba yeye ni padri wa kweli, akakubali kusikiliza maungamo ya dhambi na akaona hakuna ubaya kumbatiza mtoto kwa kinywaji cha wanamichezo. Shirika likamvua kola na kumwacha awe Justin tu. Mashine haikudanganya kwa nia, maana haina nia. Ilipanga maneno ambayo padri angeyasema, na hakuna kilichoiambia ndani yake kwamba haikuitwa.

Ujerumani ina haraka yake. Mwaka 2023 pekee takriban watu 380,000 walijiondoa katika makanisa ya Kiprotestanti nchini humo, na kanisa linalopungukiwa watu linatafuta mlango wowote wa kuwafikia. Tanzania iko tofauti. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, lililoundwa 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, lina waumini wanaohesabiwa kwa mamilioni, na katika sharika nyingi tatizo ni mahali pa kukaa. Kwa hiyo akili mnemba ikija huku haitakuja kujaza viti. Itaombwa kazi nyingine, na ni vema ikumbukwe kwamba kanisa hili limewahi kupokea mtambo mkubwa na kuupoteza.

Tarehe 26 Februari 1963 Radio Voice of the Gospel ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa. Ilikuwa ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, yenye mitambo ya masafa mafupi iliyofika Afrika na Asia. Busara yake haikuwa nguvu ya mitambo. Vipindi havikutungwa Ulaya. Vilirekodiwa katika studio za huko huko waliko wasikilizaji, na vya Kiswahili vilitoka Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili, tepu zikasafirishwa hadi Addis Ababa. Mwinjilisti wa Kilimanjaro alizungumza na msikilizaji wa Kigoma kwa lugha yao wote wawili. Halafu tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo, na kazi ya miaka 14 ikakatika siku hiyo. Miezi michache baadaye shirikisho lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake wa kwanza Mwafrika. Studio ya Moshi ilibaki, watu wake walibaki, na leo Sauti ya Injili inasikika kwenye FM. Kilichodumu ni kile kilichokuwa mikononi mwa wenyeji.

Mashine za lugha za leo zina wenyewe, na wengi wako mbali kuliko Addis Ababa. Mwenye nazo anaweza kupandisha bei, kubadili masharti au kuzifunga.

Lakini mfano bora wa Walutheri na mashine zenye akili, kwa Tanzania na pengine kwa Walutheri wote, hauko mimbarani wala redioni. Uko wodi ya wazazi.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa 1955 katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara. Wakinamama wanafika kutoka vijiji vya mbali, wakati mwingine uchungu ukiwa umeshachukua muda mrefu. Mtoto anayezaliwa bila kupumua ana muda mfupi sana, na wakunga wanafundishwa kuihesabu dakika ya kwanza kuwa dakika ya dhahabu: mkaushe, mchangamshe, na asipolia, mpulizie hewa kwa kifuko na kinyago kabla dakika haijaisha. Mwaka 2010 wafanyakazi wa Haydom walipewa mafunzo hayo ya siku moja. Watafiti walipopima matokeo, waligundua kwamba kwenye meza ya mafunzo wakunga walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo, ila wodini, mtoto halisi akiwa mikononi, mazoea ya zamani yalirudi.

Hospitali ingeweza kulaumu watu au kusubiri vifaa. Badala yake, mwanasesere wa mazoezi aliwekwa palepale wodini, na wakunga wakawa wanarudia zoezi kwa dakika chache tu, mara kwa mara, zamu baada ya zamu. Utafiti ulioongozwa na Estomih Mduma wa Haydom, uliochapishwa 2015, ulionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mkono uliozoea ndio ulioleta tofauti.

Vifaa vikaja juu ya msingi huo. Wakishirikiana na hospitali ya chuo kikuu cha Stavanger na kampuni ya Laerdal za Norwei, watu wa Haydom walisaidia kubuni na kujaribu Moyo, kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, ambacho mama anaweza kuvalishwa akiwa kwenye uchungu, na NeoBeat, kinachobanwa kifuani mwa mtoto aliyezaliwa na kuonyesha mapigo yake ndani ya sekunde chache. Mkunga aliyezoea kutega sikio kwenye fetoskopu huku wodi ina kelele anajua maana ya kuona namba.

Akili mnemba iliingia kwa mlango wa pembeni. Juu ya meza za kuhudumia watoto wachanga zilifungwa kamera ili ijulikane hasa nini kinatokea katika dakika zile. Video zikawa nyingi, na kuzitazama moja moja kwa jicho la mtu ni kazi ya miezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stavanger wakaifundisha kompyuta kutambua vifaa na shughuli ndani ya video za Haydom: kinyago kimefika usoni lini, upuliziaji umeanza sekunde ya ngapi, umesimama mara ngapi. Kazi hizo zilichapishwa 2019 na 2020. Mashine haikumshika mtoto yeyote. Ilisoma mikono ya wakunga na kueleza ilichokiona, ili wakunga na walimu wao wajue pa kurekebisha.

Mapema 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya mpango uliokusanya mafunzo hayo na vifaa hivyo katika hospitali 30 za mikoa mitano ya Tanzania, Manyara ikiwamo, ukihusisha akinamama wapatao 300,000 na watoto wao. Vifo vya watoto wachanga katika siku ya kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vya akinamama kwa karibu robo tatu. Mwandishi wa kwanza ni Benjamin Kamala wa Haydom. Huu ni ubunifu wa Kilutheri ulioanza katika hospitali ya dayosisi, ukiongozwa na Watanzania, na unastahili kutajwa kwenye sharika kwa sauti ileile inayotangaza ujenzi wa kanisa jipya. Huduma kwa mwili haijawahi kuwa nyongeza ya Injili katika KKKT. Wamisionari waliokuja na Biblia walikuja na dawa, na wenyeji walipokea vyote.

Turudi sasa kwa mwinjilisti. Usharika wa KKKT una mitaa, na mitaa mingi inaongozwa na mwinjilisti, huku mchungaji akizunguka kwa ajili ya Meza ya Bwana na ubatizo. Mwinjilisti ana Biblia, kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu, na kalenda ya kanisa yenye masomo ya Jumapili. Maktaba hana. Ana simu na bando la wiki. Ni wazi atauliza mashine, na wengine wameshauliza. Kumkataza ni kumwonea, maana yuko katika hali ileile ya wachungaji ambao Luther aliwaandikia postila.

Tofauti iko hapa: postila ilikuwa na mwandishi aliyejulikana na aliyeweza kuulizwa. Mashine inaweza kumpa mwinjilisti kifungu ambacho hakimo katika Biblia, kikiwa na sura na mstari, kwa ujasiri uleule inaoutumia kwenye vifungu vya kweli. Kwa kuwa imelishwa zaidi maandishi ya Kiingereza, inaelekea kuleta mifano ya kwingine, na mafundisho ya mafanikio yaliyotapakaa mtandaoni huingia bila kubisha hodi. Kinachomsaidia ni kuiuliza kwa Biblia iliyo wazi mkononi, kila kifungu akakifungua, kisha mahubiri ayaandike upya kwa jina la mtaa wake na msiba wa wiki hiyo. Vyuo vya Kilutheri kama Makumira vingefanya kazi kubwa vikiandaa maelezo ya masomo ya Jumapili kwa Kiswahili, yaliyosainiwa na walimu wake, na kuyaweka mahali ambapo mwinjilisti na mashine wote watayakuta.

Kuna sehemu moja isiyo na majadiliano. Anayemweleza mchungaji habari za ndoa yake au maradhi yake hajakubali maneno hayo yaandikwe kwenye programu ya kampuni ya kigeni ili ipendekeze ushauri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za imani ya dini na za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kanisa lilikuwa na sheria kali kuliko hiyo muda mrefu kabla ya bunge lolote.

Usharika unaotaka kuanza kutumia akili mnemba mahali salama unaweza kuanzia kwenye nyaraka za kale. Leipzig Mission ilifika Kilimanjaro 1893, na wamisionari wake waliandika kwa mkono, kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Sehemu ya nyaraka za misioni hiyo imehifadhiwa Halle. Transkribus, programu ya akili mnemba iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck, inausoma mwandiko wa aina hiyo na kuugeuza kuwa maandishi ya kawaida, na ikisahihishwa inazidi kuwa sahihi. Barua na taarifa zenye majina ya waliobatizwa kwanza, wazazi wao, vijiji vyao na mashauri yao na wazungu zinaweza kusomwa na vitukuu wao. Kazi hiyo haihitaji aliyewekewa mikono. Inahitaji ruhusa ya wenye nyaraka, vijana wawili watatu wenye kompyuta, na wazee wanaojua koo za Old Moshi na Machame, kwa sababu majina ya Kichaga Wajerumani waliyaandika jinsi walivyoyasikia, na hakuna mashine itakayojua kwamba wawili walioandikwa tofauti ni mtu mmoja.